Darasa la Jumamosi la urejeshaji watuhumiwa: mwalimu nyota tano, ratiba nyota moja na nusu

Nianze na lawama, watu wasije wakasema nimenunuliwa kwa sambusa. Jumamosi ya nne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, tumeshajipanga kwenye ngazi kama wanaosubiri namba kliniki, simu zetu zote zikalia kwa pamoja. Ujumbe wa mratibu kwenye kundi la WhatsApp: "Ndugu washiriki, kipindi cha leo kimesogezwa mbele hadi mtakapotangaziwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Kipindi kilikuwa cha saa tatu kamili. Mlango una kufuli. Mimi nimetoka Magomeni Mapipa na basi la mwendokasi, nimesimama njia nzima mpaka kituo cha DIT, katikati ya Dar es Salaam, na kuna kijana mwanafunzi wa uwakili alikuwa ametoka Kibaha tangu alfajiri.

Lingekuwa darasa la ususi ningenuna nikarudi zangu nyumbani. Lakini darasa hili lilikuwa na somo moja tu: serikali inapochelewa kumkabidhi mtuhumiwa kwa nchi inayomtaka, ni nani mwenye mamlaka ya kuongeza muda, na mamlaka hayo yanaishia wapi. Wiki tatu tumefundishwa kwamba aliyechelewa hajiongezei muda mwenyewe, na akitaka kuongezewa aseme mapema, tena aseme sababu. Wiki ya nne wenye darasa wakatupiga kalenda, bila sababu, bila tarehe, na muda wenyewe umeshapita.

Jina la darasa silitaji. Ni watu wadogo, wanajitafutia, na nadhani hata leseni ya biashara yao ina wino mbichi. Waliowahi kupanda zile ngazi watajua nasemea wapi: ghorofa ya tatu, jengo la zamani nyuma ya Mnazi Mmoja, chini kuna duka la vitenge.

Mimi ni mfasiri. Nyaraka za ndoa, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya upangaji, na mara mojamoja karatasi za mahakamani. Mwaka juzi wakili mmoja aliniletea mafungu ya karatasi kuhusu mtu aliyekuwa akitakiwa nje ya nchi, nikakwama kwenye neno la kwanza kabisa. Magazeti yetu huandika "kubadilishana wahalifu". Hakuna anayebadilishana na mwenzake hapo, anakwenda mmoja tu, na mhalifu bado hajathibitika. Nikaandika "urejeshaji wa mtuhumiwa". Nalo lina kasoro, maana wapo wanaorejeshwa mahali ambako hawajawahi hata kutia mguu, lakini angalau halimhukumu mtu kabla ya hakimu. Kazi ile niliimaliza kwa kubahatisha zaidi ya ninavyopenda kukiri. Kwa hiyo nilipoona tangazo la Jumamosi nne kwa shilingi 80,000, chai ndani yake, nikalipa siku ileile.

Tulikuwa kumi na mmoja. Wengi vijana wa sheria, wawili askari waliokuja kiraia na kudhani hatujui, mama mmoja wa shirika la misaada ya kisheria, na baba wa makamo anayesimamia kampuni ya ulinzi ambaye nitamrudia. Viti ni vya plastiki, vile vyeupe vya kwenye misiba. Pangaboi lipo, linazunguka kwa hiari yake.

Mwalimu ni hakimu mstaafu. Siku ya kwanza tulimwita Mheshimiwa, akatukataza: "Uheshimiwa niliuacha kwenye jengo la mahakama. Hapa niiteni Mwalimu." Alikuja na mfuko wa rambo, ndani yake mna kalenda za ukutani za miaka kadhaa na kopo la kete za bao. Projekta ilikuwepo, hakuigusa.

Akatandaza mezani kurasa tatu za kalenda ya mwaka 2022: Aprili, Mei, Juni. "Sheria ya Uingereza ya mwaka 2003," akasema, "hakimu akishamaliza kazi yake, jalada linakwenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Waziri ana miezi miwili ya kuamua: apelekwe, au aachiwe." Akamwita kijana wa Kibaha aweke kete juu ya kila siku, kuanzia tarehe 20 Aprili, siku ambayo mahakama ya Westminster ilipeleka kwa waziri shauri la Julian Assange, aliyekuwa akitakiwa na Marekani. Kete zikapangwa. Aprili ikajaa hadi mwisho, Mei yote, Juni ikaanza. "Simama!" Ilikuwa tarehe 17 Juni, siku ambayo waziri Priti Patel alitia saini amri. Tukahesabu: kete 59. Mbele yake zimebaki siku mbili tu tupu, ya 18 na ya 19.

Halafu Mwalimu akauliza swali ambalo mpaka leo nikipita mahali watu wanacheza bao linanirudia. "Tuseme hakusaini. Tarehe 20 Juni imeingia. Nani amemwongezea muda?"

Mmoja akasema waziri mwenyewe. Mwingine akasema Bunge. Mwalimu akatikisa kichwa. Waziri akiona siku hazimtoshi, lazima aende Mahakama Kuu kuomba, na aende kabla ile miezi miwili haijaisha. Mahakama inaweza kumwongezea, hata zaidi ya mara moja. Lakini akilala mpaka siku zikapita, mtuhumiwa akiomba kuachiwa, mahakama lazima imwachie. Haina hiari hapo. Wala haiulizi kama waziri alikuwa na shughuli nyingi.

Jambo dogo la pembeni lililonifurahisha: kete za bao letu la Kiswahili ni 64. Miezi miwili mfululizo, hata uipange vipi, haizidi siku 62. Kopo la Mwalimu linatosha kila waziri. Nilimwambia wakati wa chai, akacheka akasema alishahesabu tangu yuko kazini, shauri lilipokuwa refu na mawakili wanasomeana.

Sasa kuhusu kitini, ambacho unalipia shilingi 5,000 nyingine na hawakuambii mapema. Kimechapwa vizuri, kimefungwa kwa waya, lakini tafsiri yake imefanywa na mtu aliyekuwa na haraka. Ukurasa wa 11, kwenye kifungu hichohicho cha Uingereza, kimeandika "Mahakama inaweza kumwachia". Nikanyoosha mkono. Mwalimu akavua miwani, akatoa nakala ya Kiingereza mfukoni, akasoma kimyakimya, akanitazama. "Mwanangu umeona. Kwa neno hili moja mtu analala gereza la Segerea mwaka mzima."

Na hapo ndipo nilipopata thamani ya hela yangu, maana alitumia saa nzima kwenye tofauti ya "anaweza" na "lazima". Zipo sheria ambazo kweli zinasema anaweza. Ile mama yao wote, Sheria ya Uingereza ya mwaka 1870, iliweka siku 15 ambazo mtu haondolewi nchini tangu hakimu aamuru awekwe ndani, ili apate nafasi ya kuiomba mahakama ichunguze uhalali wa kushikiliwa kwake. Na ikisha miezi miwili hajasafirishwa, jaji anaweza kumwachia, waziri akiwa amepewa taarifa, isipokuwa serikali ioneshe sababu ya kutosha. Mifupa ya sheria hiyo imo kwenye sheria za makoloni yake mengi ya zamani, nasi yetu ya mwaka 1965, Sura ya 368, ni ya ukoo huohuo. Wamarekani nao wana kifungu cha namna hiyo, miezi miwili ya kalenda, jaji anaweza, sababu ya kutosha. Kwa hiyo kwa Marekani serikali ikichelewa haijafa, ina nafasi ya kujieleza. Kwa waziri wa Uingereza aliyesahau kuomba, mlango umeshafungwa. Kitini kiliwachanganya wote kwenye sufuria moja. Mratibu aliniahidi kusahihisha. Nilipouliza tena wiki iliyofuata akasema "tunalifanyia kazi", na Mtanzania yeyote anajua maana yake.

Kanada ilipita haraka lakini niliipenda. Kule waziri ana siku 90 za kuamua baada ya mahakama kuridhia, na ni kweli anaweza kujiongezea mwenyewe bila kwenda kwa jaji. Ila kwa masharti: iwe mtuhumiwa ndiye amewasilisha utetezi wake kwa waziri na waziri anahitaji muda wa kuufikiria, na nyongeza isizidi siku 60. (Wanaotakiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai wana utaratibu wao.) Mwalimu akachukua hapo akaturudisha nyumbani, kwenye Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kifungu cha 44, ambacho nakiri sikuwahi kukisikia. Kwenye mashauri ya madai, waziri akiona ni haki, anaweza baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu kuongeza muda wa kufungua shauri, lakini si zaidi ya nusu ya muda uliowekwa. "Mbuzi kafungwa kamba ndefu," akasema, "lakini bado kafungwa."

Ulaya ikazua ubishi. Ndani ya Umoja wa Ulaya uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 60 tangu mtu akamatwe, zinaweza kuongezwa 30, na uamuzi ukishakuwa wa mwisho akabidhiwe ndani ya siku 10. Mwalimu akatueleza shauri la Vilkas, Mlithuania aliyetakiwa kurudishwa kwao kutoka Ireland mwaka 2015. Akapelekwa kupanda ndege ya abiria, akagoma akafanya vurugu, safari ikavunjika. Wakapanga tarehe nyingine. Akagoma tena. Serikali ikataka tarehe ya tatu.

Wale askari wawili, ambao mpaka hapo walikuwa wanaandika tu, wakaamka. Mmoja akasema kwa uchungu kabisa: "Sasa mtu akatae mwenyewe kupanda, halafu muda ukiisha afaidike yeye?" Mama wa msaada wa kisheria akamjibu kwamba serikali yenye polisi, magari na meli haiwezi kushindwa na mtu mmoja halafu imlaze ndani bila mwisho. Wakaenda hivyo nusu saa, na Mwalimu anakunywa chai. Mwishowe akatoa walichosema majaji wa Mahakama ya Umoja wa Ulaya, kule Luxembourg, Januari 2017: tarehe nyingine inaweza kupangwa, hata mara ya tatu, iwapo kugoma kwake mara ya pili hakukutarajiwa na wahusika walichukua tahadhari zote. Na hata muda ukipita wajibu wa kumkabidhi haufi. Lakini kama siku zimekwisha na bado yuko mahabusu, atolewe. Kukabidhiwa ni jambo moja, kufungiwa wakati wa kusubiri ni jambo lingine. Yule askari akasema bado hajaridhika. Mimi pia sijui kama nimeridhika.

Kipindi cha tatu ndicho kilichonifanya niandike haya yote badala ya kuacha nyota tu na kuondoka.

Mwalimu alileta shauri la Khalfan Khamis Mohamed. Wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Tarehe 7 Agosti 1998, mabomu kwenye balozi za Marekani, Nairobi na hapa kwetu Dar es Salaam. Hapa walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200. Mohamed, Mtanzania wa Zanzibar, alikamatwa Cape Town tarehe 5 Oktoba 1999, na kesho yake alikuwa kwenye ndege ya Wamarekani kuelekea New York. Hakukuwa na hakimu wala jalada kwa waziri. Kete za bao zisingekuwa na kazi hata moja.

Yule baba wa kampuni ya ulinzi akasimama. Hakuwa amesema neno kwa wiki mbili. Akasema mwaka ule alikuwa mlinzi kijana, lindo lake mtaa si mbali na pale, na vioo vilimdondokea mabegani. Alimjua mmoja wa waliokufa kwa sura, walikuwa wakisalimiana kila asubuhi. "Huyu ndiye mnataka ahesabiwe siku, Mwalimu?"

Pangaboi tu ndilo lililosikika. Mwalimu alimwambia, "Kaa mzee mwenzangu, pole," na hakuendelea kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake kwamba Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitoa hukumu tarehe 28 Mei 2001, na ikasema kumtoa mtu yule hakukuwa halali. Serikali ilijitetea kwamba ilimfukuza tu nchini kama mgeni asiye na kibali. Mahakama ikasema jina la utaratibu halibadilishi kitu: anakwenda mahali anakoweza kunyongwa, na walitakiwa kwanza wapate ahadi kwamba hatanyongwa. Ikaagiza hukumu hiyo ipelekwe kwa mahakama ya New York iliyokuwa ikimsikiliza. Mwezi Julai baraza la wazee wa mahakama kule halikukubaliana juu ya kifo, akapewa kifungo cha maisha.

"Yuko ndani hadi leo," Mwalimu akasema. "Sheria haikumtoa. Ila nataka mjue: mipaka ya muda yote niliyowafundisha ni mapambo kama kuna mlango wa nyuma." Yule baba aliitikia kwa kichwa, si kwa kukubali, ni ile ya mtu aliyesikia. Wakati wa chai nilimwona Mwalimu amemshika mkono wako dirishani wanaongea, na sikusogea.

Sasa turudi kwenye kufuli.

Ule ujumbe wa saa tatu na dakika ishirini ulipoingia, kijana wa Kibaha akaketi palepale kwenye ngazi akaanza kuandika. Hawa watoto wa sheria wanakariri shauri la Lyamuya la Mahakama ya Rufani, maombi namba 2 ya mwaka 2010, lile la masharti ya kuongezewa muda, kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha: mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, kuchelewa kusipite kiasi, aoneshe bidii na si uzembe, na kama kuna sababu nyingine nzito, mfano uharamu kwenye uamuzi wenyewe, aseme. Akatuma kwenye kundi: "Mleta maombi ameshindwa kueleza dakika 20 za kuchelewa. Hakuna hati ya kiapo. Maombi yanatupwa, kwa gharama." Tulicheka mpaka muuza vitenge akatoka kuangalia.

Mratibu hakucheka. Aliandika, "Tuvumiliane jamani." Baadaye tukajua kwamba ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa kikao cha harusi siku ileile, yaani yeye mwenyewe aliukodisha mara mbili. Hiyo ingekuwa sababu, si nzuri, lakini sababu. Angeisema Ijumaa usiku nisingekuwa na la kuandika.

Tulipangiwa Jumamosi iliyofuata. Alhamisi Mwalimu mwenyewe akapiga simu, mmoja baada ya mwingine: amefiwa na shemeji, anakwenda kuzika Korogwe, anaomba wiki moja, tarehe fulani, saa tatu kamili, na kama kuna ambaye hawezi aseme sasa. Sote tulikubali na tukachanga rambirambi. Kijana wa Kibaha akaandika neno moja tu: "Yanakubaliwa."

Kipindi cha nne kikafanyika, na kilikuwa cha vitendo. Tuligawanywa, nusu upande wa mtuhumiwa, nusu upande wa serikali, tukaandika maombi, taarifa kwa waziri na kiapo cha kueleza siku zilizopotea. Mwalimu alimtaka mratibu akae upande wa serikali. Alijikaanga vizuri sana. Nilidai shilingi 20,000 yangu, robo ya ada, kwa nauli na asubuhi iliyopotea. Akanitumia 10,000 kwa simu akasema nyingine "ndani ya muda mfupi". Nimemjibu ataje tarehe.

Kwa anayefikiria kwenda: kundi jipya linaanza baada ya Sabasaba. Ukiwa mwanasheria, mwandishi wa habari za mahakama au mfasiri kama mimi, nenda, hutajuta, hasa kama Mwalimu bado yupo. Uliza kwanza kama ndiye anayefundisha vipindi vyote. Risiti wakuandikie tarehe zote nne. Kitini usinunue mpaka waoneshe ukurasa wa 11. Lifti usiingoje, beba mto wa kukalia, na sambusa za nyama zile kabla ya saa tano.